Siri, Amana na Wakfu: Uhakiki wa Maneno ya Ahadi katika Utafiti wa Afya

Katika karatasi za ridhaa zinazosomwa mbele ya watu wanaoombwa kuingia katika utafiti wa afya, sentensi iliyozoeleka kupita zote ni ile isemayo kwamba habari za mtu "zitakuwa siri". Ni sentensi fupi, haina neno gumu, na msikilizaji wa Tanga, wa Kilifi au wa Morogoro huielewa mara moja. Ubaya ni kwamba huielewa kwa maana ambayo mpango wenyewe wa utafiti haukuikusudia. Siku hizi mpango wa utafiti hauandikwi ili habari zifungiwe kabatini. Huandikwa ili zihifadhiwe kwa miaka mingi, zisafishwe, ziunganishwe na habari nyingine, wapewe wataalamu wengine wanaoziomba, na pengine zivuke bahari. Wafadhili nao hulidai jambo hilo. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mathalan, tangu tarehe 25 Januari 2023 humtaka mtafiti anayeomba fedha zao aeleze tangu mwanzo jinsi data zitakavyotunzwa na kushirikishwa. Basi mtafiti mmoja hujikuta ameandika karatasi mbili: ya Kiingereza, inayomwahidi mfadhili kwamba data zitatolewa kwa wengine, na ya Kiswahili, inayomwahidi mgonjwa kwamba zitakuwa siri. Pengine hakuna aliyekusudia kudanganya. Walakini ahadi mbili zimetolewa, na moja haiwezi kutimizwa.

Kazi ya kupanga matumizi mema ya habari za afya imezoea kuachiwa madaktari, wanasheria na mafundi wa kompyuta. Mtaalamu wa lugha huitwa mwisho, kila neno likiwa limekwisha kuamuliwa kwa Kiingereza, akaambiwa aitafsiri fomu upesi ili kazi ianze. Desturi hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi yatakayotajwa hapa. Mgonjwa hausomi mpango. Anachokikubali ni maneno aliyosomewa, tena kwa maana yaliyo nayo nyumbani kwake.

Na siri nyumbani ni kitu gani? Ni jambo lijulikanalo na wawili au wachache, ambalo kumwambia mwingine ni kulivunja. Mtu akimpa mwenzake siri, na mwenzake akamfikishia wa tatu, siri imetoka. Haifai kitu kujitetea kwamba huyo wa tatu ni mtu mwaminifu, au kwamba jina halikutajwa, au kwamba alipewa kwa ajili ya jambo la kheri. Siri haina madaraja: haitoki nusu, wala haina masharti ya kutolewa. Kwa sababu hiyo neno hili linafaa sana katika chumba cha daktari, baina ya mgonjwa na mtu mmoja anayemtibu. Likihamishwa likapelekwa katika utafiti, pamoja na uzito wake wote, hubebeshwa mzigo lisioweza kuuchukua. Msikilizaji anaambiwa kwamba hakuna mtu mwingine atakayejua, hali mpango una ukurasa mzima wa utaratibu wa watu wengine kujua.

Liko jambo jingine, dogo lakini la kuchekesha kidogo. Ili kueleza kwamba jina la mtu litabadilishwa kwa tarakimu, baadhi ya watafsiri husema kwamba mshiriki atapewa "namba ya siri". Nchini Kenya na Tanzania leo, namba ya siri ni ile ambayo mtu huibonyeza katika simu yake anapotuma fedha, na ambayo ameonywa asimwambie yeyote. Mtu akiambiwa kwamba utafiti utampa namba ya siri, na hapo hapo akaona namba hiyo imeandikwa kwa kalamu juu ya chupa ya damu yake mbele ya watu wanne, ana haki ya kushangaa. "Namba ya utafiti" ingalitosha.

Katika namba hiyo limefichika kosa kubwa zaidi, nalo ni imani kwamba mtu yumo katika jina lake. Fomu husema, "Jina lako litaondolewa, kwa hiyo hutaweza kutambuliwa." Sehemu ya kwanza ni kweli, ya pili haiifuati ya kwanza. Katika miaka ya 1990, Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi katika Massachusetts Institute of Technology, alitwaa orodha ya matibabu ya watumishi wa serikali wa jimbo la Massachusetts, ambayo majina yake yalikuwa yamekwisha kufutwa, akailinganisha na daftari la wapiga kura. Kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta tu, alimpata gavana William Weld pamoja na habari za maradhi yake. Hayo yalitokea katika nchi ambayo jirani huenda asimjue jirani. Katika kijiji cha Waswahili, jina lililoandikwa kitambulishoni ndilo lisilojulikana sana. Watu hujulikana kwa watoto wao, kwa kazi zao, kwa nyumba zao na kwa misiba yao. Daftari likisema kwamba mama wa miaka 34, wa kijiji fulani, alijifungua mapacha kwa upasuaji mwezi fulani na mmoja akafariki, halina jina ndani yake. Illa kila mwanamke wa kijiji kile atamtaja.

Kwa hiyo neno "kuondoa utambulisho", ambalo linaanza kuzoeleka, linaahidi kupita kiasi. Kitu kilichoondolewa hakipo tena. Kinachofanyika kweli ni kufunika: utambulisho ungalipo chini ya kifuniko, na mwenye bidii na nia mbaya aweza kukifunua. Kiswahili kina neno la jambo hilo, nalo ni kusitiri. Anayesitiriwa amefunikwa aibu yake na mtu mwingine, na wote wawili wanajua kwamba kilichofunikwa kipo. "Kusitiri utambulisho" kungesema ukweli, tena kungembebesha mtunzaji wajibu wa kuendelea kushikilia kifuniko, badala ya kumwacha aende zake akidhani kazi imekwisha siku alipofuta safu ya majina.

Sheria mpya za nchi hizi zimeleta maneno yake pia. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili huziweka habari za afya katika fungu la habari nyeti, zinazohitaji ulinzi zaidi ya nyingine. Hapo zinapatana. Katika jina la kitu chenyewe zinaachana: huku data, huko taarifa. Data ni neno geni, halina historia katika lugha, na wasemi hawajapatana hata kama waseme "data hii" au "data hizi". Ugeni huo una faida yake, maana halimdanganyi mtu, asiyelijua huuliza. Taarifa ni neno zuri zaidi kwa sikio, lakini lina mazoea yake. Taarifa ni habari inayopelekwa kwa mkubwa au kwa umma: mjumbe hutoa taarifa, polisi hupokea taarifa, redio husoma taarifa ya habari. Mgonjwa anayeambiwa "tunaomba taarifa zako" aweza kuhisi kama kwamba anatoa ripoti ofisini. Katika sheria neno hilo liachwe lilivyo, maadamu limekwisha kufafanuliwa. Mbele ya mgonjwa ingekuwa bora zaidi kuvitaja vitu vyenyewe: umri wako, ugonjwa uliotibiwa, majibu ya damu yako, dawa ulizopewa. Orodha hiyo ni ndefu kuliko neno moja, na urefu wake unamfundisha mtu ni vingapi vinavyochukuliwa.

Juu ya ridhaa na idhini yatosha maneno machache. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, kama mkuu wa wilaya au kamati ya maadili. Ridhaa ni ya moyo. Asili yake ni moja na radhi, na mtu hawezi kuwa radhi kwa jambo asilolijua. Fomu zinazoyachanganya maneno hayo huzaa dhara linaloonekana, kwani mtu akisikia kwamba mwenyekiti wa kijiji "ameridhia", huona kwamba kukataa kwake ni kumpinga mwenyekiti.

Ikiwa siri haifai, basi neno gani lishike mahali pake? Neno linalostahili kufikiriwa kwanza ni amana. Asili yake ni moja na amini, imani na mwaminifu, na watu wa pwani na bara wamelitumia kwa kitu ambacho mtu hukikabidhi kwa mwingine kikingali chake. Mwenye kuweka amana hajatoa zawadi, hajauza, wala hajatupa. Aweza kuidai wakati wowote, na aliyeipokea ana deni la kuieleza iko wapi na iko hali gani. Mabenki huziita fedha za wateja wao amana, na kila mteja anajua kwamba fedha hizo hazikai kabatini zikimngojea. Hukopeshwa wengine, kwa kanuni, huku deni kwake likibaki pale pale. (Hata hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam, huko Ilala, huitwa Amana, ingawa hilo si hoja.) Neno hili, basi, limekwisha kuzoea kubeba mambo mawili ambayo siri haiwezi kuyabeba pamoja: kitu kutumiwa na wengine, na mwenyewe kubaki na haki juu yake.

Wenye elimu ya dini watapinga hapa, na pingamizi lao lina nguvu. Kwa wanazuoni wa fikihi, kitu kilichowekwa kwa mtu ili akitunze hakitumiwi. Mtunzaji akikitumia bila ruhusa, amevuka mpaka, na kikiharibika yeye hulipa. Amana ya benki, watasema, imechukua jina la amana na tabia ya mkopo. Lau mgonjwa mcha Mungu ataambiwa kwamba habari zake ni amana, na asiambiwe jingine, atafahamu kwamba hazitaguswa. Na hapo ahadi itakuwa imerudi kuwa ya uwongo kama ile ya siri.

Pingamizi hilo linaelekeza kwenye neno la tatu, ambalo halijatazamwa vya kutosha, nalo ni wakfu. Mali ya wakfu husimamishwa, haiuzwi, hairithiwi. Matunda yake ndiyo yatumikayo, kwa wale na kwa mambo yale aliyoyataja aliyeiweka, na msimamizi hufungwa na masharti hayo hata baada ya miaka mia. Nyumba iliyowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti haiwezi kodi yake kununuliwa mashua ya msimamizi. Ni vigumu kupata mfano ulio karibu zaidi na hazina ya habari za afya: habari zenyewe zinabaki, elimu itokanayo nazo ndiyo inayogawiwa, na makusudi yametajwa. Zanzibar, ambako utaratibu huo ni wa siku nyingi, chombo kinachosimamia mambo hayo huitwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na katika jina hilo maneno haya mawili yamekaa jirani pasipo kugombana.

Hata hivyo wakfu una upungufu mmoja ambao mpango wa utafiti hauwezi kuuvumilia. Kwa jumla ya mafundisho, aliyeweka wakfu hawezi kuurudisha. Mshiriki wa utafiti lazima aweze. Akijitoa mwaka ujao, pasiwe na mtu wa kumwambia kwamba habari zake zimekwisha kuwa mali ya Mungu. Kwa hiyo wakfu hautafaa kutajwa ndani ya fomu. Lakini wapangaji wangefanya vyema kujifunza kwake ule ukali wa masharti. Neno la kumwambia mgonjwa libaki amana, yenye ruhusa ya matumizi iliyotamkwa wazi.

Kwamba jambo hili si mchezo wa maneno, huonekana katika kisa cha Wahavasupai wa Arizona, nchini Marekani. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu yao kwa watafiti wa Arizona State University, wakiamini kwamba ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Maneno ya fomu yalikuwa mapana, yakataja sababu za maradhi kwa jumla. Baadaye walikuja kujua kwamba damu hiyo ilikuwa imetumika pia kuchunguza maradhi ya akili na asili ya kuhamahama kwa mababu zao, jambo lililopingana na masimulizi yao wenyewe juu ya mahali walikotoka. Shauri lilimalizika mwaka 2010 kwa mapatano. Walilipwa fedha, na damu iliyosalia ikarudishwa kwao. Walichokidai hakikuwa kwamba siri yao imetoka. Walidai kwamba kilichotumika hakikuwa walichokiruhusu, na hilo ni lalamiko la mtu aliyekhiniwa amana.

Afrika ya Mashariki ina lalamiko lake la zamani, nalo huitwa mumiani. Kamusi sanifu ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939 inalo neno hilo, pamoja na maelezo kwamba ni dawa, na kwamba wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya watu. Watafiti wa Kilifi na wa Kenya ya magharibi wameandika jinsi minong'ono ya kunyonya damu ilivyozizunguka kazi zao hata katika karne hii. Ni rahisi kuicheka, au kuiita ujinga unaotibiwa kwa elimu. Lakini iangaliwe inasema nini: damu imechukuliwa, imepelekwa mahali pasipojulikana, imemtajirisha mtu mwingine, na mwenye damu hakurudishiwa hesabu. Ukiondoa chumvi iliyotiwa, huo ni uhakiki wa mpango mbaya.

Upande wa pili wa mizani usisahauliwe, maana wako wanaodhani kwamba njia salama ni kutokuzitumia kabisa habari za watu. Katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, mwishoni mwa miaka ya 1990, hesabu za magonjwa na vifo zilizokusanywa nyumba kwa nyumba zilipelekwa mbele ya wapangaji wa wilaya. Ilionekana Morogoro kwamba malaria ilikuwa ikichukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, hali ilipata asilimia 5 ya bajeti ya afya. Bajeti ikageuzwa ifuate mzigo. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Na ingawa hakuna haki ya kuzipa hesabu peke yake sifa yote, familia zilizojibu maswali zilikuwa zimeweka kitu, na kitu hicho kiliwarudia. Kilifi nako, tangu mwaka 2000, watu zaidi ya robo milioni wamekuwa wakiorodheshwa na kutembelewa, na habari zao kuunganishwa na za hospitali. Mambo kama hayo yasingewezekana kwa siri tupu.

Rufiji inaleta pia jambo ambalo wanalugha wangepaswa kulipigania. Mtoto akifariki nyumbani, mkusanyaji huja baada ya muda kuwauliza wafiwa jinsi alivyougua, na majibu yao hugeuzwa kuwa sababu ya kifo yenye namba. Mama husema degedege. Kwake yeye degedege ni maradhi yenye chanzo chake, tiba yake na waganga wake, na mara nyingi hayahesabiki kuwa homa ya malaria. Daktari husoma dalili akaandika malaria ya ubongo, na aghalabu amepata. Lakini neno la mama likitupwa baada ya namba kuandikwa, limetupwa pamoja nalo jibu la swali lile muhimu: kwa nini hakumpeleka mtoto hospitali mapema? Mpango mwema ungeyahifadhi maneno yaliyosemwa, kwa Kiswahili au kwa Kindengereko kama yalivyosemwa, kando ya namba. Aliyepewa amana huitunza kwa umbo alilopewa nalo.

Huenda mtu akasema kwamba neno amana ni tamu mno, litawalainisha watu mioyo wakubali upesi kuliko inavyopasa. Hatari hiyo ipo. Walakini tofauti ya maneno haya mawili yaonekana katika maswali yanayoyazalisha. Aliyeambiwa siri hana la kuuliza, mazungumzo yamekwisha. Aliyeambiwa amana huuliza: Nani anaitunza? Mpaka lini? Nani ataruhusiwa kuitumia, na kwa kazi gani? Nikiitaka nimwendee nani? Azimio la Chama cha Madaktari Duniani juu ya hazina za habari za afya, lililorekebishwa Taipei mwaka 2016, linataka mtu aelezwe takriban mambo hayo hayo kabla ridhaa yake haijahesabiwa kuwa ridhaa, pale habari zinapowekwa kwa matumizi mengi yasiyojulikana bado. Kwa Kiswahili maswali hayo yamo tayari ndani ya neno.

Mahali pa ile sentensi ya siri, basi, pangeweza kuwekwa maneno kama haya: "Habari hizi za afya yako unaziweka kwetu amana. Mtunzaji wake ni ofisi hii, na mkuu wake ni huyu. Unaruhusu zitumike kutafuta njia za kuzuia na kutibu ugonjwa huu. Watafiti wengine, hata wa nchi za nje, huenda wakaruhusiwa kuzitumia kwa kazi hiyo, baada ya kamati hii kukubali. Jina lako halitapelekwa kwao, na mengine yanayokutambulisha yatasitiriwa. Lakini hatuwezi kuapa kwamba hakuna atakayekutambua kamwe. Ukitaka tuziondoe, tutaziondoa, isipokuwa zile zilizokwisha kuchanganywa na za wengine na kuchapishwa. Kila mwaka tutakuja kijijini kueleza zimetumika kwa nini."

Kipande hicho husomeka kwa muda wa dakika moja hivi, na baadhi ya kamati zitakiona kirefu. Kina pia nafasi tatu zinazotaka kujazwa: ofisi, mkuu wake na kamati. Mtafsiri aliyeitwa mwisho hataweza kuzijaza kwa kamusi. Itambidi arudi kwa mwenye mpango amwulize, na kama mwenye mpango naye hana jibu, fomu irudishwe kwake kabla haijafika kijijini.